Nilimwambia Daktari Mtoto Hajambo

Mama Ombeni, mke wangu,

Tulipokuwa tunawaandikia watu wetu wa nyumbani Uvira, ulitaka nianze vilevile kila mara: sisi huku wazima, hofu ni kwenu tu. Hata ile miezi tuliyolala na chai peke yake. Ulisema mtu habishi hodi kwa kilio. Leo siwezi kuanza hivyo. Wewe hofu yako imeisha, na mimi si mzima.

Mchungaji anasema tusizungumze na waliolala, na mimi nimemheshimu mwaka mzima na zaidi. Lakini kuna neno limenikaa kifuani ambalo siwezi kumwambia yeye, wala ndugu wa kanisa. Mungu nimeshamwambia mpaka naona ananisikia kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati. Umebaki wewe.

Nianze na ule msaada wa Ombeni, pesa ya serikali kwa mtoto mlemavu, uliyokuwa unaipokea wewe. Ilikatika pamoja na wewe. Mimi nilidhani ni pesa ya mtoto, na mtoto yupo. Kumbe ni pesa ya anayemlea, na yule waliyemwandika tulikuwa tumemzika. Ilibidi niombe upya kwa jina langu. Na kazi ya ulinzi kule Midrand nilikuwa nimeshaiacha. Ningefanyaje? Ningesimama getini usiku kucha nikilinda maboksi ya watu, na huku mtoto wetu, miaka kumi sasa, hawezi hata kujigeuza kitandani? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba maji usipomshika kidevu yanampalia.

Basi nikambeba, nikaenda.

Foleni ile unaijua. Bibi tupu, kila mmoja na mjukuu mgongoni au karatasi kifuani. Mwanaume nilikuwa peke yangu. Bibi mmoja mnene, gogo kama Wazulu wanavyowaita, mwenye blanketi kiunoni, akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, “Hawu, baba, umepotea? Foleni ya bia iko upande ule.” Wakacheka wote. Mwingine akasema, “Mwacheni, mkewe yuko kazini, leo huyu ndiye mama.” Na mimi nikacheka, unajua mimi mtu akinichokoza nacheka kwanza. Halafu nikawaambia kwamba mke wangu nimemzika. Yule mnene akainuka kutoka kwenye kreti lake la soda, akaniambia nikae mimi na mtoto. Alisimama yeye na miguu yake iliyovimba. Tulipokaribia mlango akaniinamia: “Baba, mbona mtoto umemvalisha shati jeupe? Hapa mtu haji kama anakwenda kanisani. Na ukiingia kwa daktari, usimtabasamie.”

Nilisikia, sikuelewa. Sisi tumefundishwa mtoto akienda mbele ya wakubwa aende msafi.

Daktari alikuwa kijana, mpole, macho yamechoka. Hakunidharau hata kidogo, nisimsingizie. Aliniuliza, “Anaendeleaje huyu?” Nikajibu, “Hajambo, dokta. Anaendelea vizuri. Mungu ni mwema.”

Mama Ombeni, nijibu nini kingine? Nani kwetu anaulizwa habari ya mtoto halafu anaanza na mabaya? Hata aliyeunguliwa na nyumba jana, ukimuuliza habari, ni nzuri. Halafu ndiyo anasema “ila.” Shida zetu zote zinapita kwenye hako kaneno kadogo. Salama kwanza, ila baadaye. Mimi nilikuwa bado nakuja kwenye ila. Daktari hakuingoja. Kiingereza hakina subira hiyo.

Akauliza, anakula? Nikasema anakula sana, tena sombe ya majani ya muhogo na ndagala anazipenda kuliko sisi. Sikusema kwamba nazisaga mpaka ziwe uji, na kwamba sahani moja inatumalizia asubuhi nzima. Akauliza, anasema? Nikasema anasikia lugha tatu, dokta, Kiswahili, Kiingereza na Kizulu cha watoto wa uani. Nilisema kwa majivuno, nakiri. Ni lini mtu aliniuliza habari za mwanangu akanisikiliza huku anaandika?

Halafu akamgeukia Ombeni mwenyewe: “Na wewe, my boy, uko vipi?” Mtoto wako akakaza shingo, akatetemeka bega lote, na kile kidole gumba kilichopinda kikapanda juu. Sharp! Ndiyo “poa” ya huku. Watoto wa uani walimfundisha hiyo baada ya wewe kuondoka, hukuiona. Daktari akacheka, “Sharp sharp, my boy,” na mimi nikacheka, na Ombeni akacheka mpaka mate yakamwagika kwenye shati jeupe. Nikambeba kurudi barabarani kama mtu anayetoka kupokea zawadi. Kwenye roboti pale, tukingoja taa za barabarani zitupe njia, nikamwambia, “Leo umeniheshimisha, mwanangu.”

Wakakataa. Waliandika kwamba mtoto hahitaji mtu wa kumwangalia wakati wote. Nilipouliza dirishani, yule mama aliyekaa ndani akasoma, akanitazama kwa huruma, akasema, “Eish, papa. Wewe mwenyewe ulisema yuko vizuri.”

Baadaye akaja mtu wa ustawi wa jamii hapa Kensington, kwenye chumba chetu cha nyuma. Mwanamke mwenye sauti nzuri. Aliona sufuria zilivyo, akaona vitunguu na mishumaa ninayouza mlangoni. Akaniambia iko nyumba ya watoto wa namna hii, nje ya mji, vitanda safi, wauguzi wapo. “Wewe urudi kazini, baba, uwe unamwona Jumapili.” Hakusema kwa ubaya. Lakini aliniambia pia kwamba akirudi akute mambo bado hivi, itabidi apendekeze hivyo kwa wakubwa wake.

Na wewe ulikuwa umenishika mkono pale hospitali, mkono wako mwepesi kama karatasi, ukaniambia, “Papa Ombeni, mtoto wetu asilale kwa watu.” Hukuongeza neno lingine siku ile. Nilimweleza huyo mama wa ustawi hivyohivyo. Akanisaidia kuomba mtoto apimwe upya, kwa daktari mwingine.

Tulingoja sana. Kanisa lilitusaidia unga, halafu unga ukawa unakuja kwa kuchelewa, halafu ukaacha kuja. Siwalaumu, kila mtu hapa anasukuma lake. Badala yake wakatangaza mfungo, kwamba Ombeni asimame atembee. Wakamweka katikati, wakamwekea mikono. Na mimi baba yake, huku wenzangu wanalia kwa Mungu, moyoni nilikuwa nasema: Bwana, subiri kidogo. Usimponye sasa. Ngoja daktari amwone kwanza. Walisema “Amina” kubwa, na mimi nikasema amina yangu chini yake. Wewe uliwahi kusikia baba anaomba hivyo? Unafikiri sala kama hiyo inakwenda wapi?

Siku ilipofika, sikumvalisha jeupe. Daktari wa pili alikuwa mama wa makamo. Safari hii nilijua. Nilikuwa nimejifunza maneno kama mtoto anayekwenda mtihani, kwa Kiingereza, asije akanielewa vibaya tena. Nikaanza. Hawezi kukaa. Hawezi kutembea. Hawezi kusema. Hawezi kwenda haja mwenyewe. Hawezi kushika kijiko.

Kijiko. Juma lile lile alikuwa amekishika, Mama Ombeni. Alikipeleka mpaka karibu na mdomo, kikaanguka, tukapiga makofi mimi na watoto wa uani kama mpira umeingia golini. Hilo sikulisema. Nililiacha nje mlangoni.

Alikuwa amekaa mapajani pangu, kichwa kimelala hapa kifuani. Maneno yangu alikuwa anayasikia kwenye mifupa yangu kabla hayajafika masikioni. Na mimi katika hofu yangu ya kutoeleweka na daktari, nilisahau kwamba Kiswahili ni cha kwangu na chako. Yeye Kiingereza ndicho anachochekea. Ndicho anachoota nacho, nadhani.

Daktari akauliza, “Kuna chochote anachoweza kufanya peke yake?”

Nikasema, “Hakuna, dokta.”

Akaandika. Halafu, kwa wema tu, akamwinamia: “Na wewe, kijana, hujambo?” Nikaona kidole gumba kinaanza. Nilikiona kwa macho yangu. Kikapanda kidogo, kikasimama, halafu kikarudi ndani ya ngumi, na ngumi ikafungwa.

Wamekubali. Pesa imeanza kuingia kwa jina langu, kwa mwaka mmoja, halafu tutapimwa tena. Yule mama wa ustawi amefurahi, amesema hana tena sababu ya kuja. Tuna unga. Tuna nepi. Ulilolitaka limekuwa, mtoto halali kwa watu.

Jumapili mchungaji akaniita mbele, nitoe ushuhuda. Nilisimama na maiki mkononi, watu wananitazama kwa furaha, akina mama wameshaandaa vigelegele. Niseme nini? Bwana asifiwe, wameamini kwamba mwanangu hawezi kitu? Nilisema “Mungu ni mwema,” nikarudi kukaa. Wakaimba pambio zima kwa ajili yetu. Nilipiga makofi pamoja nao.

Lakini Ombeni, mama yake, Ombeni hanitazami. Katika mwili wote ule, kichwa ndicho anachoweza kukigeuza mwenyewe, na sasa anakigeuzia ukutani. Nikimlisha anafungua mdomo, anameza, hakatai. Ananiacha nifanye, kama mtu asiyekuwepo. Watoto wa uani wanakuja mlangoni, “Sharp, Ombeni!”, naye anafumba macho. Kijiko nikimwekea mkononi anakiachia. Hakimponyoki, anakiachia. Najua tofauti.

Nimemwomba radhi. Nilimweleza kwamba yalikuwa maneno ya ofisini, kwamba nilisema kwa sababu ya pesa, tupate kukaa pamoja. Sijui kwa nini nilidhani kusikia hivyo kungemtuliza. Alielewa vizuri kabisa, maana chozi lilimtoka moja, nikaliona likiingia sikioni.

Ungekuwepo wewe ungejua la kumwambia. Ulikuwa unaingia kwenye zile ofisi miaka yote na hukurudi hata mara moja na uso huu nilio nao. Ulisemaje kule ndani? Ulimfunika masikio? Ulimwimbia kwanza? Sikuwahi kukuuliza. Wewe ulirudi, ukaweka mkoba, ukasema “imepita,” mimi nikavaa sare nikaenda kazini. Leo ningetembea kwa miguu mpaka Uvira kwa kusikia neno moja tu, lile ulilokuwa unamwambia mkitoka mlangoni kwa daktari.

Mwaka unakwenda. Wataniita tena, nitakaa kwenye kiti kile kile, wataniuliza kama kuna chochote anachoweza. Nitasema hakuna. Na kama mambo yataendelea hivi, Mama Ombeni, safari hiyo sitakuwa nasema uongo.

Nimechoka kuandika. Mkono wangu haujazoea, unajua shule yangu iliishia wapi. Sina la kukuombea ambalo huna tayari, na la kwangu sijui nimwombe nani. Naomba utulie hapo ulipo, usitugeukie kwa wasiwasi.

Nakuahidi hili, na ndilo pekee ninaloweza. Wazee wanasema akupaye kisogo si mwenzio. Huyu ni mwenzangu. Asubuhi namwosha, namkalisha na mito, anageuka ukutani, na mimi navuta kiti nakaa nyuma yake. Nakijua kisogo chake sasa kuliko uso wangu. Nitakaa hapo, sitamtoa, sitamhimiza. Nitakaa nyuma ya kisogo hicho mpaka atakapogeuka, na asipogeuka nitakaa.

Mumeo,
Papa Ombeni