Mshono Usiofumuka

Jumatatu, 3 Februari

Mwanangu kaleta gari. Sanduku! Ndivyo wanavyoliita wenye nalo wote, kwa pembe zake nne na mgongo wake bapa. Limeshatembea miaka kumi na moja kwa watu wengine, lakini yeye anatabasamu kama kapata mapacha.

Kanikalisha chini, kanipa somo. Kampuni yenyewe iko nchi za baridi huko. Anasema wao ndio waliotoa mkanda ule wa kupita kifuani, wakawaachia wenzao wauige bure. Wana watu ambao kazi yao ni kwenda kwenye ajali na futi mkononi. Wanapima, wanamuuliza majeruhi alikaaje, alijigonga wapi — halafu wanarudi kiwandani kurekebisha. Nikamwambia hao wana roho ngumu. Akasema, Mama, mimi navuta magari yaliyogongwa mwaka wa tisa huu. Kwenye mengine nakuta damu. Kwenye Sanduku namkuta mwenyewe kasimama pembeni, anapiga simu, analalamika.

Hapo sikubisha. Kazi yake na lile bredauni lake naijua. Kuna siku anarudi hataki chakula.

Gari ni la mke wake. Mkwe wangu ni mpima ardhi, kila siku yuko barabara kuu katikati ya malori. Sawa. Ila viti vimechanika, na mkwe kasema atavipeleka kwenye duka kubwa, kwa "mafundi wenye mashine za kisasa". Nami niko hapo hapo! Fundi wa viti vya magari wa miaka thelathini, nimeshika kikombe cha chai! Mwanangu alikohoa. Mimi nilikunywa chai yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeliomba gari kwa siku mbili. Nimemwambia mwanangu: mwambie mkeo ni zawadi. Asiponipenda mimi, basi avipende viti.

Nimefumua kiti cha dereva. Ngozi nzuri, sponji nzuri. Lakini ubavuni, upande wa mlango — lo! Uzi gani ule? Mwembamba, umekatika kwa kucha! Kwingine kote wametia uzi mnene, hapo tu wametia uzi wa kushonea leso. Na hao ndio mabingwa wa usalama! Kuna mtu kiwandani alikuwa na haraka ya kwenda kwake.

Nimeshona upya kwa uzi wangu wa maturubai, mistari miwili, na utepe kwa ndani. Marehemu mume wangu, ndiye aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akisema ngozi ife kabla ya mshono. Nimeuvuta kwa uzito wangu wote, na uzito wangu si wa mchezo. Haukutoa hata mlio.

Ndani ya kiti kulikuwa na kitu kigumu chenye waya. Sikukigusa, umeme si kazi yangu. Na pembeni kulikuwa na lebo ndogo, ina picha ya mtu kakaa, kakumbatia mpira mkubwa. Inaharibu umbo. Nimeikata, nikaitupa kwenye kopo la vifungo.

Jumapili, 9 Februari

Mkwe kaja kuchukua gari. Kafungua mlango, kasimama. Kapitisha kidole kwenye mshono wote, kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anavyopitisha kidole kwenye ramani zake.

"Mama," kasema, "nilikuwa sijui. Nisamehe."

Miaka minne ya ndoa, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita Mama bila mumewe kumtazama kwanza. Nikakimbilia jikoni. Nikasingizia vitunguu. Vitunguu vyenyewe vilikuwa bado kapuni!

Jumanne, 25 Februari

Kumbe wenye Masanduku wana kundi lao kwenye simu! Wakikutana barabarani wanapigiana taa. Kila mmoja ana kisa chake. Mmoja alipinduka mara tatu, akatoka na mkwaruzo wa kiwiko. Mzee mwingine anaapa hatauza lake mpaka kufa, na likija kumuua atashangaa sana.

Mwanangu katuma picha za viti huko. "Kazi ya mama yangu." Sasa simu yangu hailali. Nimeshamaliza viti vya watatu, mzee huyo akiwemo. Wa nne ni Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana, mama wa watoto watatu, ataleta lake mwezi ujao mitihani ikiisha.

Wote nimewatilia uzi ule ule. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikisifiwa naongeza uzi!

Ijumaa, 14 Machi

Lori. Njia panda. Limempiga ubavuni, upande wake.

Mkwe wangu.

Siwezi.

Jumamosi, 15 Machi

Yuko hai. Mbavu tano. Nyonga imevunjika mara mbili. Wengu wameutoa. Pafu moja lina mpira unaotoa maji na damu, yanadondoka kwenye chupa chini ya kitanda. Nilikaa nikiitazama chupa kwa sababu uso wake sikuweza kuutazama.

Mwanangu ndiye aliyeitwa kulivuta gari. Hawakujua. Walimpigia kama siku zote: Sanduku limegongwa njia panda, njoo. Anasema alikwenda anapiga mluzi. Kwa sababu ni Sanduku! Alijua atamkuta mtu kasimama pembeni, analalamika. Akaona namba za gari.

Hapigi mluzi tena. Haongei. Amekaa kwenye korido na buti zake za kazi, mikono katikati ya magoti.

Jumatatu, 17 Machi

Leo ameongea, na heri angenyamaza. Askari wa barabarani alimuuliza kama mfuko wa hewa wa ubavuni ulitoka. Haukutoka. Ule wa usukani haukuhusika, pigo lilikuwa la upande. Wa ubavuni ndio ungemkinga, na haukutoka!

Amepiga ukuta wa hospitali kwa ngumi. Amesema wametudanganya. Historia yao yote, mikanda yao, watu wao na futi zao — uongo mtupu! Ameandika kwenye kundi la wenye Masanduku. Wengine wamelia naye, wengine wamemtukana, wawili wanatangaza kuuza. Mkaguzi wa bima anakuja kulitazama gari Jumatatu ijayo. Mwanangu anasema atawapeleka mahakamani mpaka huko kwenye baridi yao.

Nami niliungana naye. Niliwalaani watu wa kiwanda kile mpaka vitukuu vyao.

Nyumbani mikono ilitaka kazi. Nimemaliza viti vya Mwalimu Mkuu, amevichukua jioni, akanikumbatia, akanipa pole ya mkwe. Safari hii nimeshona mistari mitatu. Kwa hasira.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda yadi ya kina mwanangu, yanakowekwa magari yaliyogongwa, kuchukua vitu vya mkwe. Buti zake za porini, kofia, vigingi vya kupimia.

Mlango wa dereva umeingia ndani. Lakini nilichokitazama ni kiti. Kimevimba ubavuni! Ngozi imevimba kama tumbo la mimba, upande ule ule wa mlango. Nikaigusa. Imekauka, imekunjamana, ina harufu ya kuungua. Nikapitisha kidole kwenye mshono, kutoka juu mpaka chini.

Haujaachia hata tundu moja.

Nimesimama pale sijui muda gani. Mlinzi kaniuliza, Mama, unaumwa? Nikasema jua.

Alhamisi, 20 Machi

Sikutaka kumuuliza mtu. Nimemuuliza. Karakana ya pili kutoka kwangu kuna Fundi Umeme, rafiki wa marehemu mume wangu. Nimemchorea kiti, nikamwonyesha palipovimba. Nikasema ni gari la mteja.

Akacheka kwanza. "Shemeji, hapo ndipo mfuko unapotokea! Unalala ndani ya kiti. Ukilipuka, unachana mshono, unatoka kati ya mtu na mlango. Kiwandani wanatia uzi dhaifu makusudi. Nani huyo mpumbavu aliyeshona hapo kwa uzi wa kawaida?"

Nikasema sijui.

"Si wa kawaida," nikasema tena, sijui kwa nini. "Ni wa maturubai."

Akaacha kucheka. Akanitazama. Akainama kwenye waya zake, hakuinua kichwa tena mpaka nikaondoka.

Nimemwaga kopo la vifungo mezani. Lebo imo. Mtu kakaa, kakumbatia mpira. Si mpira. Ndio mfuko wenyewe! Walinichorea! Waliweka picha kwa ajili ya mtu kama mimi, nami nikaikata kwa mkasi kwa sababu inaharibu umbo.

Uzi wa leso, nilisema. Mtu wa kiwandani alikuwa na haraka, nilisema. Nimesoma ukurasa ule mara tatu leo. Mwandiko ni wangu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda hospitali na lebo kwenye pochi. Nimejiapiza njia nzima: mficha uchi hazai, leo nasema. Mwanangu alikuwepo, anamlisha uji kwa kijiko. Nikafungua mdomo.

Mkwe akaniwahi. Sauti yake ni pumzi tu. Akasema, Mama, gari wakilitupa, vile viti wasivitupe. Vifumue, utuwekee. Hiyo ni zawadi yangu.

Nikasema, sawa mwanangu. Nikafunga mdomo. Nikampangusa uji kidevuni, nikatoka. Mwoga! Mwoga mkubwa mimi!

Jioni nimewapigia wale wengine. Nimewaambia uzi niliotumia una kasoro, leteni magari nifumue bure, na mpaka hapo msiyaendeshe. Kasoro! Hata hapo nimedanganya. Kasoro ya uzi wangu ni kwamba hauna kasoro. Wawili wamekubali. Mzee wa "atashangaa sana" kauliza maswali mengi, kisha kasema ameshaliegesha, asante fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeelewa. Kama ataandika kwenye kundi, mwanangu atasoma.

Mwalimu Mkuu hapokei.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekuja kwa Mwalimu Mkuu asubuhi na wembe wangu. Nimewakuta wanapakia. Mizigo nyuma, watoto watatu wameshafunga mikanda, safari ya mwendo wa saa tano, barabara kuu. Dereva ni yeye.

Nikamwambia asiondoke, uzi una kasoro, nipe dakika kumi tu nifumue ubavu wa viti viwili vya mbele. Akaufungua mlango, akauvuta mshono kwa vidole vyake vyote. Kasoro iko wapi, Mama Fundi? Akasema, kazi nzuri namna hii, uje kuniharibia? Kama umeona bei ilikuwa ndogo, sema tu, mimi si mtoto.

Nikasema si bei. Akasema basi nini? Nikimwambia huyu, kundi zima litajua kabla hajafika kona, na mwanangu atalisoma kwenye simu akiwa kashika kijiko cha uji. Anapaswa kulisikia kwangu. Kwanza kwangu.

Akapanda, akawasha gari. Nami nikatoka, nikakaa chini, katikati ya geti, mgongo kwenye bampa lake. Bibi mzima! Nguo nzuri nilizovalia hospitali!

Amepiga honi mpaka amechoka. Majirani wako ukutani. Mtoto wake mdogo kateremsha kioo, kauliza, huyu bibi amekufa? Ameambiwa funga kioo.

Naandika ili nisiinuke. Lebo iko hapa, katikati ya ukurasa, naibana kwa kidole gumba.

Kazima injini sasa, anaongea na simu, kwa sauti niisikie. Anasema, njoo umchukue mama yako, nadhani mambo ya mkeo yamemchanganya, maskini, kakaa mbele ya gari langu. Njoo na hilo bredauni ikibidi.

Yadi si mbali na hapa.

Mwalimu Mkuu kashuka, kaniletea maji. Ameinama, kaongea kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko honi. Anasema, Mama Fundi, tunajua unaumia. Lakini si wewe uliyemgonga.

Nimeyanywa maji yote.

Naiona mbele yangu ile nyonga ya mkwe iliyovunjika, na ile chupa. Nawasikia hawa watatu nyuma yangu wanagombania dirisha. Nikiinuka bila kusema, gari hili linaondoka.

Bredauni limekata kona. Injini yake naijua popote. Anakuja mbio, halafu anapunguza, ameshaniona hapa chini, mbele ya Sanduku. Ameegesha kwa upande, amefunga njia nzima. Amewasha zile taa za juu zinazozunguka, anazowasha akifika kwenye ajali.

Anashuka.