Kiti cha Nyonga ya Mama

12 Machi 1958

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na nyonga ya mama imetulia. Mimi mzima.

Mwanao amepata jina! Hoteli kubwa imeagiza viti themanini vya mvule na ngozi laini. Nimevichora kama kile ulichomtengenezea mama, sikubadilisha kitu. Gazeti linasema mkono wa kushoto kuwa chini kuliko wa kulia ni "fikra mpya ya starehe". Nilicheka peke yangu.

Mwanao

30 Machi 1958

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako akiwa kwenye kiti chake hana neno. Amecheka mpaka akakohoa. Eti fikra mpya! Nyonga yake iliharibika siku uliyozaliwa, na mkono ule niliukata nikimpima kwa kamba, yeye akinitukana. Kiti kingine hakikaliki kwake.

Huko kwenye magazeti andika mstari mmoja tu, kwamba kiti ni cha mama yako. Hatuombi zaidi.

Baba yako

9 Agosti 1963

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, kazi zimenibana: leo nyumba ya waziri, kesho meli ya tajiri. Mama anaendeleaje?

Jumba la makumbusho linaandaa maonyesho ya kazi zangu, na wanataka kiti cha kwanza kabisa. Naomba kile cha mama, miezi mitatu tu. Ule mstari nitauandika, naapa. Gari litakuja Jumatatu.

Mwanao

2 Septemba 1963

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako si sana. Gari lilipofika nilikataa. Yeye akasema, "Mtoto ameomba, mpe." Alisimama ameshika mlango mpaka likapotea. Sasa anashinda kitandani. Ulisema miezi mitatu. Nahesabu.

Baba yako

17 Februari 1964

Baba,

Shikamoo. Poleni sana. Jumba limeomba kiti kibaki kwao moja kwa moja, nikashindwa kuwakatalia. Nawaletea kipya kutoka kiwandani, ngozi halisi. Mikono tumeisawazisha, wateja walikuwa wanalalamika.

Mwanao

5 Juni 1964

Kiti chako kilifika. Mama yako alikikalia mara moja, ili nikikuandikia niseme alikikalia. Alilia kwa maumivu, nikamrudisha kitandani, na huko mgongo ukatoka vidonda. Tulimzika Jumamosi ya kwanza ya Mei. Nilituma telegramu mbili. Karani wako alijibu kwamba uko safarini.

Jana nilipanda treni nikaenda kwenye hilo jumba. Kiti kimezungushiwa kamba. Kibao kina jina lako na maneno mengi, mama yako hayumo. Mkono wa kushoto bado unang'aa pale kiganja chake kilipokuwa kinashika. Uchungu ulinipanda, nikanyoosha mkono nipaguse. Mlinzi akasema, "Mzee, hicho hakiguswi."

Akaniona nimesimama tu. Akaniuliza, kwa wema kabisa, kama namfahamu bwana mkubwa aliyekibuni.

Nikamwambia simfahamu.

Fundi