Nafasi ya Marahaba

Kariakoo, Dar es Salaam
Wakati wa masika

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Kondo,

SHIKAMOO, BABA. Nimeliandika neno hili kabla ya jambo jingine lolote, na kwa herufi kubwa, ili dada yangu Zuhura anayekusomea asije akaliruka kwa haraka zake. Zuhura, rudi nyuma ulisome tena. Kisha mngoje Baba aitikie, ndipo uendelee.

Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo ndio hautulii. Macho yako je? Nimesikia ukungu umezidi jicho la kulia na bado hutaki kusikia habari za daktari. Na mgongo wa Mama? Minazi ya Makurunge mmekwisha kuiangua? Huku mvua hainyamazi. Mto Mpiji umefurika na magari ya Bagamoyo yamelala upande huu. Nimekwenda kituoni mara mbili na kikapu changu mkononi, nikarudi nacho vilevile. Sauti yangu inavuka mto ule kila jioni bila kulowa, mwenyewe nimekwama Kariakoo kama mzigo usio na mwenyewe. Barua hii nimempa Mwinshehe, jirani yetu, ambaye huvuka kwa mtumbwi na baiskeli yake begani. Ameniahidi itakufikia kabla ya Ijumaa.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ya redio ikoje, basi leo nitakueleza bila kuulizwa. Ni chumba kidogo, kuta zake zimetundikwa mablanketi ili sauti isirudi. Feni ipo, lakini haiwashwi kwa sababu hunguruma, kwa hiyo natoka mle nimelowa kuliko mtu aliyevuka Mpiji. Taa nyekundu ikiwaka, mtu hakohoi. Mbele yangu pana kidude cha chuma, nacho ndicho ninachokisalimia. Nasema hamjambo, wala hapana mtu anayesema hatujambo. Nikimaliza zamu naizunguka meza, nafungua mlango naufunga, chai inapoa sijainywa. Sijapata kuingia mahali nikasalimu nisiitikiwe, Baba. Huku ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Sasa niliseme lile lililo kati yetu. Mjomba Shomari alipokuja kuuza nazi, kabla barabara haijakatika, nilimuuliza kama unanisikiliza. Akakuna shingo.

"Mjomba wangu, nikwambie kweli? Siku ile ya kwanza tumekaa kwa Bwana Nasoro, redio iko dirishani, kahawa imekwisha miminwa. Ikaja sauti yako, 'Hamjambo, wasikilizaji!' Basi Mzee Mwinchande akamgeukia baba'ko. 'Kondo, mwanao katuamkia hamjambo sisi sote na mvi zetu hizi? Ndiko kusoma huko?' Watu wakacheka weee! Baba'ko akatua kikombe, akashika bakora yake, akaenda zake."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili Nasoro akigusa tu ile swichi, mzee anainuka. Mpaka leo. Sasa Nasoro humpelekea kahawa yake nyumbani."

Nikampa Mjomba shikamoo yangu akuletee. Aliporudi na mzigo mwingine wa nazi nikamuuliza umeitikiaje. Akaanza kunisifia maandazi ya Kariakoo. Sikumuuliza tena.

Baba, hamjambo ile si yangu. Imeandikwa kwenye karatasi, na aliyeiagiza ni mkubwa wetu, Mzungu, mtu mwema kwa kadiri yake. Aliniuliza, "Wanaokusikiliza wamo wazee na watoto, wa pwani na wa bara. Mtoto utamwamkia shikamoo?" Lakini najua ulichokisikia wewe. Ulimsikia Athumani, mtoto uliyemfundisha kubusu mikono ya wakubwa, anakatiza mbele ya baraza kifua wazi. Inaniuma. Nisikufiche, imenikasirisha pia, maana nilidhani ungeniuliza kwanza kabla ya kuinuka mbele ya watu.

Basi Jumatatu jioni, taa nyekundu ilipowaka, niliiacha karatasi mezani. Nikasema, "Shikamooni, wazee wetu wa Bagamoyo na kwingineko." Nikainamisha kichwa, nikangoja. Wallahi kungoja sikukusudia. Ila mtoto wa kwetu akishaamkia, ulimi wake hauendelei mpaka asikie marahaba. Nyuma ya kioo fundi wa mitambo akaanza kutupa mikono, akidhani waya umekatika. Akagonga kioo. Mimi kichwa chini, nasubiri chuma kiniitikie! Mwisho akaweka santuri, na nchi nzima ikasikia taarabu katikati ya maamkizi yangu. Cheka tu, Mama, hata mimi sasa nacheka.

Siku ile sikucheka. Mkubwa aliniita ofisini. "Athumani, mtu akisikia kimya hudhani redio imekufa. Anaizima." Kisha akaniambia lile nililokuwa nikilisikia kwa minong'ono. Inafunguliwa idhaa ya pili, ya Kiingereza, na hii yetu itabaki Kiswahili kitupu. Taarifa ya habari ya jioni inataka msomaji mmoja wa kudumu. "Nilikuwa nimekuweka wewe," akasema. "Kimya kingine kama kile, utakwenda stoo kupanga santuri." Jumamosi asubuhi atatangaza nani ameipata kazi hiyo.

Kesho yake nilikwenda sokoni kununua samaki. Mama mmoja anayekaanga, simjui wala hanijui, aliposikia naulizia bei akaacha mwiko.

"Ee! Kumbe ndiwe? Mwanangu, jana nimekuitikia mpaka samaki wakaniungulia! Marahaba, marahaba, we kimya tu!"

Nilisimama palepale kwenye moshi, machozi yakanilenga, nikasingizia moshi. Tangu hapo sikai nikakalika. Kama mama yule aliniitikia, huko kwenu ni wangapi walioitikia nami sijui? Na wewe siku hiyo ulikuwa umekwisha inuka.

Unakumbuka ulivyonifundisha adabu ya mlangoni? Hodi ni tatu. Isipoitikiwa ya tatu, mtu hugeuka akaenda zake, hachungulii dirishani. Hodi yangu ya kwanza aliichukua Mjomba. Ya pili niliipiga Jumatatu. Ya tatu naipiga Ijumaa, mkishaswali Magharibi. Nitaamkia tena shikamoo, na nitanyamaza kiasi cha mzee kutamka marahaba, si zaidi. Mkubwa akivumilia, nitashukuru. Asipovumilia, santuri nitazipanga. Taarifa ya habari naitaka, Baba, naitaka sana, usidhani naidharau. Lakini siwezi kuisoma kila jioni huku najua kwamba nikifungua mdomo baba yangu anashika bakora.

Nakuomba Ijumaa hiyo ukakae kwa Bwana Nasoro, usiinuke. Mzee Mwinchande akitia maneno, mwache atie. Ukiitikia, Mama amwambie Mwinshehe, naye ataniletea habari atakaporudi.

Nisalimie Mama, mwambie kanzu aliyoniletea inanitosha ila mikono imenizidi. Nisalimie Mjomba Shomari, na nazi zake zilikuwa nzuri, mbili tu ndizo mbovu. Bwana Nasoro mwenye redio asije akaimaliza betri kabla ya Ijumaa kwa kusikiliza stesheni za mbali. Mzee Mwinchande mwambieni shikamoo yake imo mle mle, asije akasema nimemruka. Na wewe Zuhura, ahsante kwa kusoma. Siku hiyo kaa ukumbini kwa Bwana Nasoro, karibu na baraza, unishikie jibu la Baba neno kwa neno.

Zile nukta chache nitakazonyamaza, Baba, zote ni zako.

Ni mimi mwanao, bado nimesimama mlangoni,

Athumani