Kofia ya mawese juu ya kranberi

Durban, Jumapili ya kwanza ya Desemba

Mama Neema wangu,

Jana meza yetu kule sokoni Westville ilibaki na kitambaa peke yake. Chupa zote zimeondoka. Nilirudi Albert Park na ndoo tupu, nikakuta lifti imekufa tena, nikapanda ngazi bila kupumzika kama kijana anayetoka kuposa na kukubaliwa. Nimeona nikuandikie wewe kabla sijamwambia mtu mwingine.

Unakumbuka pakiti ya kwanza ya kranberi? Ulipewa na yule bibi uliyekuwa ukimpikia, Krismasi ilipokwisha na friji yake ikakosa nafasi. Uliimwaga kwenye sahani, matunda madogo mekundu, magumu kwa barafu. Ukatia moja mdomoni, uso ukajikunja, halafu ukacheka. Ukasema, "Baba Neema, hii ni ngai-ngai ya wazungu." Basi hofu ikaisha. Ngai-ngai tulilelewa nayo Uvira, na uchachu wa mboga ile tuliujua kabla ya kujua kusoma.

Ulipika kwa masikio. Ulitia sukari, tangawizi na pilipili, kisha ukazima redio na kunikataza kusema. Kranberi zikishika moto hupasuka moja moja, halafu zote kwa pamoja, halafu zinachoka. Mimi nilitaka kukoroga kwa nguvu kama nasonga bugali, ukanishika mkono.

"Wacha. Iko inasema. Ikinyamaza, zima moto."

Kazi yangu ikawa kuosha chupa na kuzijaza. Hata hapo ulisimama nyuma yangu. Nisijaze mpaka mdomoni, uliniambia kila mara, niache upana wa kidole ili mafuta yapate pa kukaa. Kwa sababu wewe hukuweza kufunga chupa bila kuifunika kwanza kwa mawese, vile mama yako alivyofanya na pilipili yake isiharibike. Kwako chupa isiyo na mafuta juu ilikuwa kama mtu aliyetoka nje bila nguo. Kranberi ya watu ikapata kofia ya rangi ya machungwa.

Auntie Saroj, jirani yetu wa meza, yule muuza achari, aliposhika chupa ya kwanza alicheka mpaka akatafuta kiti. Akatueleza kwamba kitu hiki huliwa na bata mzinga, na hapana mtu anayetaka kuona mafuta yakielea juu yake. Uliona haya siku nzima. Wiki iliyofuata akaja yule mzee mwenye fimbo na chupa tupu. Alikuwa amekoroga mafuta yale ndani, akapaka kwenye nyama ya kuchoma, na wanawe wakagombania mabaki. Aliomba nyingine, yenye kofia vilevile. Uligeuka kunitazama, midomo umeibana usicheke mbele ya mteja. Uso ule ninao bado.

Tangu tukuzike mwezi wa Mei, sufuria yako ilikaa juu ya kabati. Nilikwenda kazini Clairwood, nikapakua mizigo ya watu, nikarudi, nikala mkate. Kisha Auntie Saroj akapiga simu. Wasimamizi wa soko walikuwa wamengoja vya kutosha. Jumamosi ya kwanza ya Desemba meza ikikaa bila kitu, au isipouza, atapewa mtu anayeuza mishumaa.

Neema alisema tuiache. Alisema kwa upole, "Papa, ile meza ilikuwa ya mama." Nikamjibu kwamba ndiyo sababu.

Ijumaa nilitoka kazini mapema, nikanunua kranberi, nikashusha sufuria. Nilizima redio. Zilipoanza kupasuka nilitaka kukoroga, nikaiweka mikono mfukoni. Zilisema weee, kisha zikanyamaza, nikazima moto. Neema alionja, akaonja tena. Ndipo nikajua imetoka kama yako.

Lakini mawese yalitushinda. Neema alitazama kwenye simu, akaniambia hakuna mahali popote duniani wanapoyaweka juu ya kranberi. Msimu huu wangekuja wageni wengi wasiotujua, wangetucheka. Nilikubali, Mama Neema. Niliogopa kuipoteza meza yako kwa ajili ya mafuta.

Kwa hiyo jana chupa zilikwenda sokoni bila kofia. Watu walionja kwa kipande cha mkate, wakashukuru, wakapita. Asubuhi ikayoyoma, hatujauza hata moja. Msimamizi alipita mara mbili, na mtu wa mishumaa nyuma yake akiitazama meza yetu kama mpangaji anayepima chumba.

Auntie Saroj akaja, akainua chupa, akaigeuza juani. "Baba Neema," akasema, maana jina hilo alilichukua kwako, "kofia yake iko wapi?" Nikaanza kumweleza. Hakunisikiliza. Aliweka kidole chake kwenye kioo, pale juu. "Na mbona umeiachia nafasi?"

Nikatazama. Neema naye akatazama. Chupa zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa na upana wa kidole mtupu. Sikukumbuka kufanya hivyo. Moyo ulikuwa umekubali kuacha mawese, mkono haukuambiwa.

Chupa ya mawese ilikuwa ndani ya ndoo. Niliibeba kutoka nyumbani, sijui kwa nini. Kwa joto la Durban mwezi huu yalikuwa yameyeyuka yenyewe. Neema alifungua vifuniko, mimi nikamimina, na watu wakaanza kusimama kuona. Auntie Saroj, yule aliyetucheka, akageuka mpiga debe wetu. Alimwambia kila mtu akoroge na apake kwenye nyama, na asiyependa arudi kwake atampa achari bure. Hakurudi mtu.

Mzee mwenye fimbo alifika, akakuulizia. Nilipomwambia, alivua kofia yake, akaiweka kifuani. Kisha akachukua chupa kwa kila mtoto wake, wasigombane tena.

Msimamizi alipokuja mara ya tatu hapakuwa na kitu cha kuangalia ila kitambaa. Akasema tuonane mwakani. Meza ni yako bado.

Jioni Neema aliosha sufuria mwenyewe. Hakuirudisha juu ya kabati, aliiacha juu ya jiko.

Nami nilidhani nimesahau mengi yako, kumbe mkono unayo. Lala salama, mke wangu. Na huko uliko, unikumbuke.

Mumeo,
Baba Neema