Aliyemwamsha Oyaro

Nyumbani kwa Oyaro,
Sotik.
8 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Mageto,

Habari ya Ujerumani? Baridi imepungua? Kifua chako je, bado unakohoa ama umeanza kuvaa vizuri? Sisi tuko. Goti linanisumbua lakini bado nachuma majani ya chai, na hakuna msichana hapa ananishinda.

Usishangae na mwandiko. Dada yako Moureen ndiye huniandikia, lakini hii sitaki aione. Darasa langu la tatu litatosha.

Ile gemu yako ya meli inayokwenda chini ya maji, Moureen alinifungulia kwa kompyuta. Kwanza nilisema, mtu mzima na digrii anatengeneza michezo! Halafu nikaona yule fundi wa topido, yale mabomu marefu. Anayavuta nje, anapangusa, anapaka grisi, anarudisha. Umemwita Oyaro, jina la baba yako. Umempa hata kofia yake. Na juu ya kichwa chake kuna kamstari ka uchovu, kakiwa kekundu anasahau kazi.

Nikamwambia Moureen, huyo alale. Akasema, "Nyanya, kuna topido haijakaguliwa, mwamshe." Nikasema alale! Wote walale! Adui akaja, topido ikakataa kutoka, meli ikazama na watu wote. Moureen akacheka, "Nyanya, wewe ni kapteni mbaya, umemaliza watu." Nikaenda nyuma ya jikoni nikalia kama mtoto.

Sasa nisikize. Siku ile baba yako alikuwa amefanya zamu mbili kiwandani. Hata saa moja haikuwa imeisha tangu alale, simu yake ikalia. Mama yako alikuwa shambani anachuma. Ni mimi nilishika. Walitaka rola za kusaga majani zitolewe zinolewe, chai imejaa. Ningeweza kusema amelala. Nikasema anakuja. Nikamvuta blanketi, nikamwambia mwanaume halali mchana majirani wakiona. Akaenda bila kunywa kitu. Fundi aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa akasahau kufunga ndoano ya mnyororo, rola ikamwangukia.

Kwa mazishi uliuliza ni nani alimwamsha baba. Nilinyamaza, nikamwangalia mama yako. Hayo mengine ulimaliza mwenyewe. Miaka minne hujampigia. Unasalimu kila mtu, hata ng'ombe, mama yako Gesare unamruka.

Na yeye anajua ni mimi. Ananichotea maji ya kuoga, ananipikia uji wa wimbi, hajanitupia hata neno moja. Hiyo ndiyo inaniua. Afadhali angenitukana.

Lakini wewe pia ulikosea. Umesoma mpaka Ujerumani, hukujifunza kuuliza mara ya pili? Unamhukumu mama yako kwa sababu ya macho ya mwanamke mzee?

Leo akitoka shambani nitamwambia nimekuandikia. Sijui nitaanzaje. Wewe usinipigie mimi. Mpigie yeye, Sabato mchana akitoka kanisani. Mimi ukitaka kunikasirikia, nitakubali. Nikifa kabla hujanisamehe, pia nitakubali. Lakini simu yake iite.

Moureen anakusalimu, na mjomba wako Eliakim wa Kedowa, anayesema umekuwa mzungu. Mungu akutunze huko kwa watu, na akupe moyo mlaini kuliko huu wangu.

Ni mimi nikupendaye hata ukiacha kunipenda,
Nyanya yako,
Nyambeki