Nilikagua Shule ya Mama Kabla Hajafagia

Mpendwa Shangazi wa Barua, shikamoo. Naandika uso ukiwa umeniiva kwa aibu, na naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, kwa sababu siku hiyo nitasimama mbele ya wazazi wa mtaa mzima kusoma uongo nilioupamba kwa rula na kalamu za rangi.

Nina miaka kumi na mitatu. Mtaa wetu uko pembeni mwa mji na una shule mbili za kati za serikali, moja watu huiita ya Juu, ambako nasoma mimi, na nyingine ya Bondeni, na kila mwaka wazazi hubishana wawapeleke wapi watoto wao, kwa hiyo mwalimu wetu wa maarifa ya jamii akatupa kazi ya kuzilinganisha, tuhesabu vitabu, madawati na mabomba, tutoe na alama za usafi, kisha matokeo yasomwe kwenye mkutano wa wazazi. Nilichaguliwa kuongoza kundi la watu watatu. Nilifurahi, Shangazi, mpaka nikakumbuka kwamba mfagiaji wa Bondeni ni mama yangu, na shuleni sijawahi kumwambia mtu. Wakiniuliza huwa nasema mama anafanya kazi ofisini, maana ni kweli ofisi nayo huifagia.

Basi nikapanga ziara nikijua ninachofanya. Shule yetu tuliikagua Jumatatu asubuhi, sakafu ikiwa bado na unyevu wa deki. Bondeni niliwapeleka wenzangu Ijumaa, dakika kumi baada ya kengele ya kwenda nyumbani, kwa sababu saa hiyo mama huwa stoo, nyuma ya shule, akijaza ndoo, na nilijua hatutakutana naye. Wanafunzi mia nne walikuwa wametoka muda huo huo. Karatasi zilitapakaa, vumbi la chaki kila mahali, na choo cha wasichana sitaki kukieleza. Mwenzangu mmoja akaziba pua akasema, "Hapa mfagiaji ni jini nini, mbona haonekani yeye wala kazi yake?" Mwingine akacheka, na mimi, Shangazi, nami nikacheka. Tukawapa mbili kwa kumi. Sisi tukajipa tisa.

Jioni ile mama alirudi, akavua viatu mlangoni, akasema, "Leo wakaguzi wadogo wamepita kwetu. Wameniachia nyayo za tope ngazini, hata kupangusa miguu hawajui. Sijui ni watoto wa nani." Nikainamia sahani yangu.

Sasa mwalimu ameisifu ripoti yetu, na nimemsikia mwenyekiti wa wazazi akimwambia kwamba kwa alama hiyo lazima mfagiaji wa Bondeni abadilishwe. Mama hajui. Anachojua ni kwamba nitasoma kitu mbele ya wazazi. Ameomba ruhusa kazini, amekipiga pasi kitambaa chake cha kichwa na kukitundika juu ya mlango, na jana aliniambia, "Nitakaa mbele kabisa, mwanangu, nikusikie vizuri." Nifanyeje? Nijifanye mgonjwa? Bado natumaini ipo njia ya kulirekebisha jambo hili mama asijue.

Msichana wa Shule ya Juu

*

Marahaba, binti yangu.

Njia ya mama kutojua haipo, iondoe kichwani. Ukijifanya mgonjwa, ripoti itasomwa na mwingine, na mama yako atakuwa pale mbele, na kitambaa chake kilichopigwa pasi, akiisikia peke yake. Ndivyo unavyotaka?

Kufagia si aibu. Aibu ni kile kicheko. Sufuria moja umeitazama baada ya kuoshwa, nyingine baada ya watu kula, halafu unamwita mpishi mchafu! Wala hukukosea kwa kutojua. Ratiba ya mama yako unaijua kuliko mwalimu wake mkuu, ukaitumia kumkwepa. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Alhamisi. Lakini umeandika mwenyewe bila kusukumwa, na mtoto asiye na haya asingeandika. Kwa hiyo sikati tamaa nawe.

Anza na mama, leo, kabla ya mwalimu, maana yeye ndiye uliyemkosea. Mwambie, "Mama, wale watoto wa ngazini, mmoja ni mimi," kisha mweleze yote, hata kicheko. Usitangulie kulia ili akubembeleze wewe.

Kesho mwone mwalimu. Mwambie alama za usafi hazifai, na kosa ni lako, si la wenzako. La mwenyekiti pia mwambie. Watu wazima watamalizana wenyewe. Ombeni kukagua tena shule zote mbili kwa saa zile zile, asubuhi na baada ya kengele, na safari hii hesabuni na wafagiaji: kwenu wangapi, Bondeni wangapi. Muda usipotosha, Alhamisi soma ripoti bila alama ya usafi na useme kwa nini haipo. Huenda Bondeni ikabaki chini yenu hata hivyo. Ikibaki, isome hivyo hivyo, lakini iwe kweli.

Mkifika Bondeni, pitia stoo kwanza. Mwamkie mbele ya wenzako, na umwite mama.

Na kabla hujapanda ngazi, pangusa miguu.