Bi Mwanakheri Kakataa Kuniita Mgeni

Jumatano, baada ya Isha. Malindi, 1956

Nimechoka, na sijui nimkasirikie nani.

Kila pasi yangu ya mgeni ilipokaribia kwisha, marehemu mume wa Bi Mwanakheri ndiye aliyekuwa akinishuhudia kule Uhamiaji: huyu ni mgeni wangu, kaja kutembea, atarudi kwao Ngazija. Leo ilibidi aende Bi Mwanakheri mwenyewe. Njia nzima nilimfundisha maneno hayo hayo, naye akijibu, "Nshasikia, mwanangu."

Karani akamwuliza, "Bibi, huyu ni mgeni wako?"

Akaliweka sawa buibui lake. "Mgeni? Astaghfirullahi! Huyu yuko kwetu tangu wakati wa vita. Maiti wetu anatuoshea yeye. Hata mume wangu, huyu ndiye aliyemwosha. Nimwite mgeni mbele ya watu, sina haya mimi?"

Karani akamshukuru kwa adabu, akangoja atoke nje. Kisha akaweka kalamu chini. Pasi ya mgeni, kasema, ni ya wageni. Nimepewa mwezi mmoja nifunge mizigo.

Ngazija nitafikia kwa nani? Mama hayupo tena, na nyumba ile hata sijui...

Miaka yote hii nimetamani mtu wa hapa aniseme kama alivyonisema leo.

Tulipokuwa tukirudi, bibi wa watu alikuwa na furaha. "Nimesema vizuri, mwanangu?"

Nimemjibu, vizuri sana. Bado sijamwambia.